Wimbo huu niuweke kundi gani?

Swali la msomaji: "Mjomba wangu aliniachia santuri na kanda nyingi, nami nina nyimbo zangu za miaka yote. Karibu zote sasa ziko kwenye kompyuta, kama elfu nne hivi; zimebaki kanda chache zenye ukungu na santuri kadhaa nzito za zamani. Nilianza kuzipanga kwa aina ya muziki, folda moja kwa kila aina. Nimekwama. Programu yangu inaita taarab 'World', wimbo wa Bongo Fleva wenye miondoko ya zouk inauita 'Pop', na rumba imezigawa, nyingine 'Latin', nyingine 'African'. Bendi inajiita Jazz lakini jazz siisikii. Kila siku naongeza folda, sasa nina sabini na tatu, na nyingine zina wimbo mmoja tu. Je, ipo orodha rasmi ya aina za muziki duniani niifuate? Kuna programu inayoweza kusikiliza na kupanga bila kukosea? Au tatizo ni sikio langu?"

Nianzie mwisho wa swali. Sikio lako halina tatizo lolote. Mtu anayesikia zouk ndani ya Bongo Fleva, na anayeshtuka kwamba bendi yenye jina la Jazz haipigi jazz, tayari anasikia mambo ambayo programu yake haiyasikii. Unachohangaika nacho kimewahangaisha wauza santuri, watangazaji wa redio, wakutubi na wahandisi wa kompyuta kwa miaka mia na zaidi, na mpaka leo hawajaelewana. Folda sabini na tatu ndizo anazopata mtu akiifanya kazi hii kwa makini. Angeifanya kwa pupa angekuwa na sita, na asingeniandikia.

Kinachokukwamisha, nionavyo, ni dhana mbili ambazo karibu sote tumezibeba. Ya kwanza ni kwamba aina ya muziki imo ndani ya wimbo, kama urefu wake wa dakika nne na sekunde kumi, na kazi yako ni kuipima tu. Ya pili ni kwamba kila wimbo una aina moja. Zote mbili zina chembe ya ukweli, ndiyo maana zinasumbua. Ukiziweka kando, kazi yako itapungua kwa zaidi ya nusu.

Orodha rasmi haipo. Hakuna chombo chochote duniani kinachosajili aina za muziki. Zipo orodha nyingi, kila moja na mwenyewe, na kila mwenyewe na shida yake. Maktaba zinazofuata mfumo wa Dewey huweka jazz kwenye namba 781.65 na rock kwenye 781.66, kwa sababu kitabu lazima kikae mahali pamoja kwenye rafu. Discogs, hifadhidata inayotumiwa na wakusanyaji wa santuri, ina makundi makuu 15 tu, halafu chini yake mamia ya mitindo. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, kwa kazi iliyoongozwa na mhandisi Glenn McDonald, ilifika makundi zaidi ya 6,000. Huyu ana 15, yule ana 6,000, na wote wanazungumzia muziki uleule. Ukiuliza nani amekosea, jibu ni kwamba hakuna. Mmoja alitaka mnunuzi aipate santuri haraka, mwingine alitaka msikilizaji aletewe wimbo unaofanana na aliousikia jana.

Lakini orodha inayokusumbua wewe hasa ni nyingine, nayo inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu imejificha ndani ya mafaili yako. Mwaka 1996 mtaalamu wa programu aitwaye Eric Kemp alibuni njia ya kubandika maelezo mwishoni mwa faili la MP3: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka. Njia hiyo inaitwa ID3. Nafasi yote ilikuwa baiti 128, na aina ya muziki ikapewa baiti moja tu, maana yake haikuandikwa kwa maneno bali kwa namba. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80, kuanzia 0 hadi 79. Namba 0 ni blues, 8 ni jazz, 16 ni reggae, 17 ni rock. Hapo hakuna shida. Endelea kushuka. Namba 11 ni zilizopendwa. Namba 24 ni muziki wa filamu. Namba 33 ni muziki usio na mwimbaji. Namba 60 ni nyimbo 40 zinazoongoza kwa wakati huo. Namba 61 ni rap ya Kikristo. Namba 23, usicheke, ni utani wa kupiga watu simu.

Umeona kilichotokea? Blues na reggae zinajibu swali "inasikikaje?". Zilizopendwa inajibu "ni ya lini?". Muziki wa filamu inajibu "ilitengenezwa kwa kazi gani?". Arobaini bora inajibu "iliuzwaje?", na rap ya Kikristo inajibu maswali mawili kwa mpigo. Yote yamewekwa kwenye safu moja kana kwamba ni ndugu, na unatakiwa uchague moja. Sasa chukua rap ya Kikristo ya mwaka 1990, iliyotumika kwenye filamu na kuingia arobaini bora. Itaenda wapi? Polka ilipewa namba yake, 75. Taarab haikupata, rumba haikupata, benga haikupata. Waliobaki nje waliachiwa namba 12, yaani "nyinginezo", au 48, ambayo kwa Kiswahili tungesema "ya kikabila". Programu nyingi zilirithi orodha hiyo, zikaiongezea, lakini hazikuondoa mchanganyiko wake. Unapopambana na programu yako, unapambana na maamuzi yaliyofanywa haraka mwaka 1996 na mtu ambaye hakuwa na haja ya kuijua taarab.

Na hilo neno "World" nalo lina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za kurekodi walikutana London katika baa moja. Walikuwa wanatoa santuri kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na wauza duka hawakujua waziweke wapi, kwa hiyo nyingi hazikuwekwa popote. Wakakubaliana wote watumie jina moja ili dukani ziwe na rafu yake. Mkakati ulifanikiwa sana. Ila ulikuwa mkakati wa rafu, tena rafu ya Uingereza. Kwa mnunuzi wa London, Siti binti Saad na mpiga kora wa Mali wangekaa pamoja kwa sababu wote wawili hakuwafahamu. Kwako wewe rafu hiyo haina maana. Kuna wakati hata wenye biashara ya muziki waliona aibu: mwaka 2020 waandaaji wa tuzo za Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, waliliondoa neno hilo kwenye jina la kipengele chao. Futa "World" kwenye mafaili yako yote bila kujiuliza mara mbili.

Usidhani kwamba aina zenye majina ya kuheshimika zilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1920 kampuni ya Okeh ya Marekani ilimrekodi mwimbaji mweusi Mamie Smith akiimba "Crazy Blues". Santuri ikauzwa kupita walivyotarajia, na kampuni zikagundua kwamba watu weusi wananunua muziki. Zikaanzisha mifululizo ya pekee iliyoitwa "race records", yaani santuri za mbari, kwa ajili yao, na mingine kwa wazungu wa mashambani. Wanamuziki wa pande zote mbili walikuwa wanajuana, wanaigana, wanapiga gitaa lilelile na mara nyingi nyimbo zilezile. Mpaka uliwekwa kwenye katalogi kwa kuangalia mnunuzi ni nani. Mwaka 1949 jarida la Billboard liliona jina hilo limepitwa na wakati, likabadilisha chati yake kuwa Rhythm & Blues kwa pendekezo la mwandishi wake Jerry Wexler. Muziki uliokuwemo kwenye chati haukubadilika wiki ile. Na ule wa wazungu wa mashambani ndio tunaouita country.

Ukiona hiyo ni historia ya kale, tazama mwaka 2019. Rapa Lil Nas X alikuwa ametoa "Old Town Road" Desemba 2018: mashairi ya farasi na kofia, mdundo wa trap, ambayo ni tawi la hip hop, na kipande cha banjo kilichochukuliwa kutoka kwenye rekodi ya bendi ya rock Nine Inch Nails. Mwezi Machi wimbo uliingia chati tatu za Billboard kwa pamoja: ile kuu, ya R&B na hip hop, na ya country. Kisha Billboard ikautoa kwenye ya country kwa maelezo kwamba hauna vionjo vya kutosha vya country ya leo. Makelele yakazuka. Toleo jipya likatoka akiwemo Billy Ray Cyrus, mwimbaji wa country wa siku nyingi, na wimbo ukakaa namba moja kwenye chati kuu wiki 19. Mwishoni mwa mwaka chama cha muziki wa country cha Marekani kikampa tuzo Lil Nas X na Cyrus kwa wimbo huo. Miezi miwili baadaye Grammy nayo ikautuza, lakini katika kipengele cha pop. Jarida lilisema si country, chama cha country kikasema ni wetu, Grammy ikasema ni pop. Wote hao wana wataalamu wanaolipwa mshahara. Wewe unajilaumu kwa nini?

(Grammy, kwa taarifa yako, ndiyo iliyoanzisha tuzo ya hard rock na metal mwaka 1989 na mara ya kwanza kabisa ikaitoa kwa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi, huku Metallica, bendi ya metal hasa, wakiwa palepale ukumbini.)

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe. Mtaliano Franco Fabbri, mmoja wa watafiti wa kwanza kulichambua suala hili kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 1980, alisema aina ya muziki ni mkusanyiko wa matukio ya kimuziki yanayoongozwa na kanuni ambazo jamii imezikubali. Kanuni hizo si za sauti peke yake. Zimo za namna ya kucheza na kukaa, za mavazi, za nani anaruhusiwa kuimba nini, za pesa zinavyotembea. Mimi huwa naieleza kwa kifupi zaidi: aina ya muziki ni makubaliano ya watu fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Sauti ni sehemu kubwa ya makubaliano hayo, lakini haiyamalizi.

Chukua taarab. Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zina udi, fidla na ngoma ndogo. Ukija miaka ya 1990, East African Melody wana kinanda cha umeme na ngoma za mashine, mwendo umekuwa wa haraka na watu wameinuka kucheza. Ukipima mawimbi ya sauti, vitu hivi viwili havina undugu. Lakini msikilizaji yeyote wa Kiswahili atakwambia vyote ni taarab, na atakuwa sahihi, kwa sababu kilichobaki ni ushairi wa mafumbo, uimbaji wa kuvuta na kupinda sauti, na uhusiano wa mwimbaji na anayesikiliza na kujua kabisa fumbo hilo ni la nani. Wapo wazee wasiokubali, wanaosema hii ya kinanda si taarab. Nao wana haki ya kubisha, maana makubaliano huwa yanabishaniwa na wenyewe.

Bongo Fleva ni kinyume chake. Ilianza miaka ya 1990 kama rap ya Kiswahili, na leo chini ya jina hilo kuna zouk, kuna R&B, kuna nyimbo zinazofuata mdundo wa Naijeria na nyingine wa Afrika Kusini. Ukitafuta mdundo mmoja unaoziunganisha hutaupata. Kinachoziunganisha ni kizazi, lugha, studio na vituo vya redio. Kwa hiyo wimbo wako wenye miondoko ya zouk hauna mgogoro wowote. Zouk inasema unavyopigwa, Bongo Fleva inasema ni wa kina nani. Ulilazimika kuchagua kwa sababu ya folda tu.

Na ile bendi inayojiita Jazz? Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilipiga dansi. Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga. OK Jazz ya Franco Luambo, iliyoundwa Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1956, ilipiga rumba. Wakati bendi hizi zinajiita hivyo, jazz lilikuwa jina la fahari kwa bendi yoyote ya kisasa yenye vyombo vya kizungu. Usilifuate jina la bendi popote. Rumba nayo ina safari yake: kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika santuri za Cuba katika mfululizo uliojulikana kama GV, na nyingi zilikuwa na muziki ambao Wacuba wenyewe waliuita son. Hapa kwetu barani ukaitwa rumba, Wakongo wakaujenga upya kwa magitaa na sebene, na mwaka 2021 UNESCO ikaiorodhesha rumba ya Kongo kama urithi wa nchi mbili za Kongo. Rumba ya Cuba, yenye ngoma na sauti za watu bila magitaa, ni kitu kingine. Programu yako ilipoandika "Latin" hapa na "African" pale ilikuwa inababaisha, lakini imebabaisha mahali ambapo historia yenyewe imesokotana.

Nisije nikakufanya udhani kwamba sauti haina neno. Ina neno kubwa. Reggae ya mdundo wa zamani unaitambua papo hapo kwa sababu gitaa linakata pigo la 2 na la 4, ngoma kubwa inaangukia la 3, na la kwanza linaachwa wazi. House inagonga ngoma kubwa kila pigo, kwenye mapigo 120 na kitu kwa dakika. Singeli inapita 200 bila kupumua. Watafiti Robert Gjerdingen na David Perrott waliwasikilizisha watu vipande vifupi kiasi cha robo ya sekunde, na bado wengi walitaja aina sahihi kuliko ambavyo bahati nasibu ingewapa. Robo ya sekunde haitoshi kusikia wimbo wala mdundo. Inatosha kusikia rangi ya sauti: gitaa lilivyokwaruzwa, mwangwi uliowekwa kwenye ngoma, sauti ya mtu ilivyokaribishwa kwenye maikrofoni. Mengi tunayoyaita aina ni rangi ya studio.

Hiyo ndiyo rangi ambayo programu nazo hujifunza, na ndipo linapokuja swali lako la pili. Programu inayosikiliza hugawanya sauti katika vipande vidogo sana, inapima nguvu ya kila masafa, kasi na mabadiliko yake, halafu inalinganisha na nyimbo ilizofundishwa, ambazo binadamu walishaziandikia aina. Mwaka 2002 George Tzanetakis na Perry Cook walitoa kazi ya mwanzo iliyofahamika sana: vipande 1,000 vya sekunde 30, aina 10, vipande 100 kila moja. Programu yao ilipatia karibu asilimia 61. Mkusanyiko huo ukatumiwa na watafiti wengi kwa miaka mingi, wakashindana kupandisha asilimia, mpaka mtafiti Bob Sturm alipoukagua na kukuta vipande vinavyojirudia na vingine vyenye aina isiyo yake. Maana yake baadhi ya alama za juu zilikuwa za kukariri makosa. Programu za leo ni bora zaidi, sikatai. Lakini tatizo la msingi halitibiki kwa kompyuta yenye nguvu: mashine inajifunza makubaliano ya waliouandikia mkusanyiko, na kama hawakuwa na taarab, itakupa kilicho karibu kwa rangi ya sauti. Fidla na udi? Itasema muziki wa Kiarabu. Tena huduma nyingi za kusikiliza humpa aina msanii, si wimbo, hivyo rapa akiimba bolero moja, bolero hiyo nayo inahesabiwa rap.

Zitumie basi, lakini kwa kazi zinazoziweza. Kasi kwa dakika zinapima vizuri, ingawa wakati mwingine hukosea kwa kuzidisha mara mbili, zikaandika 180 badala ya 90. Kutambua wimbo usio na jina zinasaidia sana kama wimbo ulishatolewa rasmi. Kukusanya zinazofanana kwa sauti ili uzisikilize pamoja, sawa. Neno la mwisho usiziachie.

Ungekuwa umekaa nami mezani, ningekuambia kwanza uache folda. Folda inalazimisha wimbo ukae mahali pamoja, nao hauko mahali pamoja. Panga folda kwa jambo lisilobishaniwa: msanii au bendi, kisha albamu. Kwa santuri zisizo na albamu tumia jina la lebo na namba yake iliyochapwa. Aina uiandike ndani ya faili, kwenye maelezo yake. ID3 ya siku hizi hailazimishi tena ile namba. Tangu toleo la 1998 unaandika maneno yako mwenyewe, na tangu la mwaka 2000 unaweza kuweka aina zaidi ya moja kwenye wimbo mmoja. Mafaili ya FLAC, yanayobana sauti bila kuipunguza, nayo yanakubali. Kama ulihamisha santuri za mjomba kwenda mafaili ya WAV, yasiyobanwa, zigeuze kuwa FLAC, hutapoteza chochote cha sauti na maelezo yatakaa vizuri. Tengeneza nakala ya mkusanyiko wote kabla hujagusa faili hata moja; mabadiliko ya jumla yakienda kombo hayana huruma.

Kisha tenganisha maswali. Ile orodha ya 1996 iliharibikiwa kwa kuyachanganya, wewe usiyachanganye. Familia pana iwe moja tu kwa kila wimbo, na familia zisizidi kumi na tano hivi: dansi na rumba, taarab, Bongo Fleva na ndugu zake, injili na kaswida, reggae, na kadhalika kadiri ya ulichonacho. Familia usiichague kwa kanuni za dunia nzima, ichague kwa swali moja: nikitaka kuusikiliza wimbo huu, nitaenda kuutafuta wapi? Mtindo uwe sehemu ya pili, na hapo ruhusu hata mitatu: zouk, bolero, chakacha, sebene. Mwaka ukae kwenye mwaka. Ukishaandika mwaka huhitaji folda ya zilizopendwa, utaiambia tu kompyuta ikuletee kila kilicho kabla ya 1985. Lugha na mahali iliporekodiwa viwe na sehemu zao, hata kwenye sehemu ya maoni. Na kama wimbo ulikuwa wa harusi, wa kampeni au wa ibada, andika hivyo, kwa sababu miaka ishirini ijayo hilo ndilo litakalokuwa limesahaulika.

Njia hii ina gharama yake, nisikufiche. Nyimbo elfu nne zikijazwa sehemu tano kila moja ni kazi ya miezi, na wengi huishia herufi C. Kwa hiyo jaza familia kwa zote kwanza, kwa bendi nzima kwa mkupuo mmoja. Mtindo ujaze kwa zile unazozisikiliza kweli. Mkusanyiko ambao familia zake zimekamilika na mitindo yake iko nusu unatumika. Ulio kinyume chake hautumiki. Kama huna hamu ya kuandika kabisa, mwaka na msanii peke yake vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani, na hakuna atakayekudai aina.

Kuhusu ile mitindo ya bendi za dansi, utaona jambo la kuchekesha. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Western Jazz walikuwa na Saboso, Juwata na waliowarithi wakajulikana kwa Msondo. Je, hizo ni aina? Mashabiki wao wangekupiga ukisema ni kitu kimoja. Ila wanamuziki walikuwa wanahama, Muhidin Gurumo aliimba Msondo na aliimba Sikinde, na mgeni akisikiliza anasikia dansi tu. Andika jina la mtindo jinsi bendi ilivyoliita, kwenye sehemu ya mtindo, bila kulifanya familia. Vivyo hivyo angalia lebo za santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: chini ya jina la wimbo mara nyingi kumechapwa rumba, bolero au cha-cha-cha, pengine upande mmoja hivi na wa pili vile. Unaweza usikubaliane nayo. Inakili hata hivyo kama ilivyo, kwa sababu ndiyo ushahidi wa walivyouita waliouuza.

Zile zitakazokushinda, na zitakuwepo, ziandikie "bado". Nina rekodi ambazo zina alama hiyo tangu nianze kazi ya kuhifadhi muziki na sina haraka nazo. Ulizozitengea folda ya wimbo mmoja nyingi zitaingia humo, au zitakuwa mtindo ndani ya familia ambayo tayari unayo. Sheria ninayoifuata ni kwamba kundi halizaliwi mpaka nyimbo ziwe nyingi kiasi cha kunichosha kuzitafuta.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, na kompyuta haitakusaidia pia. Kama kwenye kanda za mjomba kuna ngoma au taarab ya watu usiowajua, mtafute aliyeipiga au aliyeicheza, ukae naye ana kwa ana. Usimuulize "hii ni aina gani?", atakupa jina lolote ili akuridhishe. Mpigie wimbo, halafu uliza ulipigwa wapi, waliinuka kina nani, walichezaje, na ulifuatiwa na wimbo gani. Mrekodi akikuruhusu. Ukihisi rekodi fulani haikuwahi kutolewa rasmi, kwa mfano ya redio au ya ukumbini, zungumza na hifadhi ya nyaraka ya taifa, chuo kinachofundisha muziki au kituo cha redio chenyewe kabla hujaiweka mtandaoni, na kuhusu haki zake muone mwanasheria au chama cha hakimiliki.

Zile kanda zenye ukungu usizicheze kwenye redio yako. Ukungu unahamia kwenye kichwa cha mashine na kutoka hapo unaingia kanda nyingine zote, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Zifunge peke yake, mahali pakavu, umpelekee fundi wa kuhifadhi sauti. Na hizo santuri nzito, kama ni za mizunguko 78 kwa dakika, zinataka sindano yake pana, ile ya santuri za kawaida itazichimba. Usizifute kwa spiriti hata kidogo: nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha.